Si Mvua, ni Umande

Siku mvuvi aliyeitwa Mwewa alipokuja kwenye vichanja vya Maggie vya kukaushia samaki na kumwita yaya, Maggie alilisikia neno lile vizuri kabisa. Moshi ulikuwa umemwingia machoni na mikono yake ilikuwa imejaa magamba, lakini masikio yake hayakuwa na kitu. Ndiyo maana baadaye, watu walipokuwa wakimfariji na kumwambia kwamba utani hauna kesi, yeye aliinamisha kichwa tu. Walikuwa wakimsamehe kosa lisilo lake. Lile lililo lake hawakulijua.

Maggie alikuwa wa ukoo wa Uyoga, na Mwewa wa ukoo wa Mvua. Kule Nchelenge, na kandokando yote ya Ziwa Mweru, hata mtoto anajua maana ya hayo: bila mvua uyoga hauoti, na mvua isiyootesha uyoga imenyesha bure, basi koo hizo mbili ni watani. Mtani anaweza kuivua kofia yako kichwani akaivaa yeye mpaka jioni. Anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kununa. Kazi yako ni kutafuta jibu kali kuliko lake. Kwenye msiba, watani ndio wanaochimba kaburi, na ndio wanaowachekesha waliofiwa ili wapate nguvu ya kumeza tonge. Kuna jambo moja tu wasilofanyiana. Mtani haitwi kwa jina la udugu. Haitwi kaka, haitwi dada, haitwi yaya, ambalo kwetu ni jina la ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Ukimwita mtani wako yaya, umeuvua utani kama mtu avuavyo viatu mlangoni, umeingia ndani na jambo la kweli.

Nje ya utani, Maggie alikuwa mwoga wa watu. Kanisani aliimba kwa sauti ya kujificha nyuma ya sauti za wengine. Mume wake, Fanwell, alizoea kumuuliza jambo mara mbili kabla ya kupata jibu. Lakini akitokea mtu wa Mvua, ulimi wa Maggie ulifunguka, maneno yakatoka yamekatwa vizuri kama muhogo uliomenywa, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hakuna mahali pengine alipojiona ana uzito. Watu wa Mvua wenyewe walimpenda kwa hilo, na Mwewa alikuwa wa kwanza kumchokoza.

Sasa, palikuwa na mchezo ulioitwa kumsalimia Bwana.

Bwana alikuwa kiboko. Vijana waliorudi kutoka migodi ya Katanga ndio waliompa jina hilo kwa sababu, walisema, huyu naye ni mnene, anaamka na hasira, na hapendi kuguswa. Bwana wa boma, yule mzungu wa serikali, usingeweza kumpiga kofi la mgongo ukaenda kulala kwako. Huyu wa majini uliweza, ukiwa na moyo. Jumapili, ibada ikishaisha, watu waliteremka na nguo zao nzuri hadi kwenye ghuba ndogo yenye matete, ambako viboko waliota jua. Mtumbwi mwepesi uliingia majini na watu wawili, mmoja wa kupiga kasia na mmoja wa kusalimia. Msalimiaji alipaka kiganja chake udongo mweupe uliokandwa kwa mafuta ya samaki. Kiboko akizama, walifuata mapovu yake, wakakisia atakapoibukia, na mgongo ukitokeza tu yule msalimiaji aliinama, akaupiga kofi na kusema kwa adabu zote, "Mwapoleni, Bwana," kama amwamkiavyo mzee njiani. Baada ya hapo yote yalikuwa mikononi mwa mwenye kasia.

Mafuta hayakubaliani na maji. Bwana alipoibuka tena mbali, akipuliza pua kwa hasira, watu wote ufukoni waliuona mkono mweupe mgongoni mwake, na wanawake wakapiga vigelegele. Msalimiaji alirudi nchi kavu akiwa mtu mwingine. Wiki nzima alikaribishwa pombe, na wazee waliomkatiza maneno juzi sasa walimngoja amalize.

Wapo ambao hawakurudi vizuri. Misheck, aliyekuwa fundi wa nyavu pale gatini, alikuwa na mguu mmoja. Wageni wakimuuliza, alisema, "Mimi nilimsalimia Bwana, naye akaitikia." Watu walicheka, naye alicheka, kisha akarudi kwenye nyavu zake. Mke wake hakuwahi kuonekana akicheka pamoja nao. Alikuwa amerudi kwao Kafutuma.

Katika wasalimiaji wote hapakuwa na mfano wa Mwewa. Mkono wake ulijulikana hata ukiwa mgongoni kwa kiboko, maana kidole chake cha mwisho kilikuwa kimekatwa na kamba ya wavu alipokuwa mdogo: vidole vinne na kipande. Fanwell ndiye aliyempigia kasia. Wawili hao hawakuhitaji kusemezana majini. Mwewa aliegemea upande, Fanwell akajua.

Kisha Chabu, mke wa Mwewa, akajifungua mtoto wa kiume. Siku chache baadaye Mwewa alikwenda akaketi karibu na Misheck, akamsaidia kuvuta uzi, akautazama kwa muda mrefu ule mguu usiokuwepo. Aliporudi nyumbani alimwambia Chabu kwamba basi, hatamsalimia Bwana tena. Alimwambia Fanwell pia, naye Fanwell, kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao hakuwahi kukiri kuubeba, akasema sawa. Mwewa akawa mvuvi kama wavuvi wengine. Jumapili alikuja ufukoni na shati jeupe na mtoto mapajani.

Mchezo ukapoa. Vijana wengine walijaribu, lakini waliigusa mikia na kukimbia, na watu walirudi majumbani mapema.

Jumapili moja mitumbwi mikubwa ya wanunuzi wa samaki kutoka Kasenga, ng'ambo ya Luapula, ilikuwa imefungwa pale ufukoni, na palikuwa pia na watu wa kisiwa cha Chisenga na wengine kutoka Mununga. Walikuwa wameahidiwa kumwona mtu anayempiga kiboko kofi. Wakamtafuta kwa macho, wakaonyeshwa kijana anayemfukuzia mtoto nzi kwa kitambaa. Wakamwita. Mwewa alitikisa kichwa, akatabasamu, akaeleza kwa upole kwamba yeye sasa ni baba wa mtu. Wageni hawakuelewa. Pakawa na kimya kile kibaya cha watu walioaibika mbele ya wageni, na vichwa, kimoja baada ya kingine, vikamgeukia Maggie. Kimya kama kile ni shamba la mtani.

Maggie alisimama. Moyo ulimdunda kwa furaha, na baadaye, kila alipoikumbuka furaha ile, alitamani kujifunika kanga usoni.

"Wageni, mumedanganywa," alisema. "Mumeambiwa huyu ni Mvua. Huyu si mvua, ni umande. Jua likitoka tu, anatafuta jani la kujificha chini yake." Na akaonyesha kile kitambaa cha mtoto.

Alisema kwa Kiswahili ili wageni nao wacheke. Angesema kwa Kibemba, maneno yale yangefia pale pale pamoja na vicheko vya siku ile. Lakini Kiswahili kwetu ni lugha ya soko, na kinachosemwa kwa Kiswahili hupakiwa mitumbwini pamoja na samaki.

Watu walicheka mpaka mtoto akashtuka. Mwewa mwenyewe alicheka, akajibu kama ipasavyo, "Na uyoga unaoota bila mvua, jihadharini, una sumu." Wakacheka tena. Deni la utani likalipwa pande zote, na Maggie akarudi nyumbani miguu myepesi.

Jina likaondoka na mitumbwi. Lilifika Chisenga, likafika Mununga, likarudi limenenepa. Wanunuzi waliposhuka waliuliza, "Umande iko wapi leo? Iko na perege ngapi?" Vijana waliokuwa wakipanda naye mtumbwi walimwambia akae nyuma kivulini, jua lisije likammaliza. Hao hawakuwa Uyoga. Walikuwa watu wa koo zingine, wasio na haki ya kumtania, na kwao hakuwa na ruhusa ya kuwajibu kwa tusi wala hakuwa na sababu ya kutosha ya kupigana. Kisimani wanawake walimpisha Chabu wakisema mama Umande apite kabla hajakauka. Mwewa akaacha kuja ufukoni Jumapili. Kisha akaacha kuja kanisani.

Maggie aliyaona hayo. Mwanzoni alijivunia kidogo, kama mtu aonaye nguo aliyoishona ikivaliwa na wengi. Baadaye alianza kugeuza njia.

Jina la utani likimzidi mtu, ipo njia ya kulirudisha. Mwenye kuitwa hupeleka chumvi kidogo kwa aliyemwita. Aliyemwita akiilamba na kusema nimelimeza, limekwisha, na atakayelitamka tena atakuwa anatukana. Ni njia isiyotumika sana, kwa sababu kuifuata ni kukiri kwamba umeumia, na mtu na mtani wake hawaumizani.

Mwewa alikuja mchana, moshi ukiwa mzito, akasimama upande wa pili wa kichanja. Alikuwa na jani la mgomba lililokunjwa mkononi. Jina lilikuwa la Kiswahili, naye akaomba kwa Kiswahili, kile cha Katanga alichokipata migodini, na kwa sauti ya chini mno.

"Yaya Maggie," alisema. "Ile jina imenishinda. Uichukue."

Alilifungua jani. Chumvi ilikuwa nyeupe na safi, ya dukani, si ile ya kijivu ya kuchemsha majani. Alikuwa ameinunua kwa ajili hiyo.

Kwenye vichanja vya jirani wanawake wawili walikuwa wameacha kugeuza samaki. Hawakusikia alichosema, lakini walimwona mtu wa Mvua amesimama mbele ya Maggie, na nyuso zao zilikuwa tayari, midomo imekaa kama ya watu wanaongoja kitu kitamu. Maggie akazitazama nyuso zile. Lile joto likampanda kifuani. Alijua vizuri ameitwa nani, na akajua vilevile kwamba neno limekwisha kufika ulimini, tamu, limekatwa vizuri.

"Chumvi ya nini?" alisema kwa sauti ya kusikika. "Umande hauna ladha. Niletee mkono mweupe, nitalimeza bila chumvi."

Wanawake wale wawili walipasuka kwa kicheko. Mwewa hakucheka. Alilikunja jani lake polepole, pembe kwa pembe, mpaka likawa dogo kama lilivyokuja.

"Haya, mutani," alisema, akaondoka.

Hata hapo Maggie angeweza kumkimbilia. Alijiambia atamfuata jioni. Jioni alijiambia kesho. Samaki walikuwa wengi siku zile.

Jumapili Mwewa alikuja ufukoni amekwisha kupaka kiganja. Habari ilienea haraka, watu wakajaa, na Fanwell alichukua kasia bila kuuliza maana aliona aibu kumwacha aende na mwingine. Chabu hakuwepo. Maggie alikuwepo, mbele kabisa, na alingoja Mwewa amtazame ili amwonyeshe kwa kichwa tu kwamba aache. Mwewa hakumtazama. Labda akili yake ilikuwa kwenye mapovu tayari.

Kofi lilisikika hadi nchi kavu. Lilikuwa kofi zuri, la mkono mzima, na kabla mtumbwi haujageuka Maggie alipiga kigelegele. Alikuwa wa kwanza. Aliyafurahia yote kwa mara moja: kwamba amefanikiwa, kwamba jina limekwisha, kwamba hatalazimika tena kwenda kwake na kuomba radhi. Kisha mtumbwi ukapanda juu ya maji kana kwamba mtu ameusukuma kwa bega kutoka chini. Kigelegele kikishaanza hakikatiki kwa amri. Kile cha kwake, na vile vya wanawake waliomfuata, viliendelea kidogo juu ya jambo lililokuwa likitokea.

Fanwell aliogelea hadi kwenye matete. Mwewa walimtoa kwa nyavu, jua likiwa limeanza kuinama, na walimfunika kabla wanawake hawajasogea.

Walipokuwa wakimfunika, yule kiboko aliibuka mbali kidogo na kutulia. Mgongoni mwake ulikuwepo mkono mweupe, vidole vinne na kipande. Wanaume wakanong'onezana kwamba amefika, lazima isemwe kwamba alifika. Misheck, aliyekuwa amejiegemeza kwenye gongo lake, akasema, "Mkono umefika. Mwenyewe hajafika."

Nyumbani Fanwell hakula. Aliketi kizingitini na nguo zilezile mpaka zikamkaukia mwilini. Mwishowe alisema lipo jambo halielewi. Siku zote Mwewa alisema Mwapoleni, Bwana, ndiyo desturi. Leo hakusema hivyo.

"Alisema, 'Haya, mutani.' Kiboko si mtani wake," Fanwell alisema. "Alikuwa na maana gani?"

Maggie alijibu kwamba hajui. Akainuka akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Kilio kilikuwa kikubwa. Watu wa Uyoga walichimba kaburi, kama ilivyo kazi yao, wakamlaumu marehemu kwa urefu wake unaowachosha watu wazima na majembe. Mzee wa kanisa alisoma, watu wakaimba. Waliporudi kutoka makaburini waliketi uani, na ilipofika saa ya chakula hakuna aliyenyoosha mkono. Wakubwa wa Uyoga wakamtazama Maggie. Mmoja alimwendea akamwambia kwa upole kwamba anajua ni vigumu, alitaniana naye sana, lakini watu hawa hawajala tangu jana, na kilio bila mtani ni mzigo usio na kata. Na tena, akaongeza, asijisumbue moyo kwa lile jina. Utani hauna kesi.

Chabu alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwa kimefungwa, mtoto kwapani. Mtoto alilia. Msichana mmoja mdogo, wa nyumba ya jirani, alimnyooshea mikono akisema, "Lete Kaumande nimbembeleze." Alisema hivyo kwa mapenzi tu. Watu wazima waliokuwa karibu walitabasamu kwa huzuni, na hakuna aliyemkataza. Maggie akaona kilichotokea. Jina lilikuwa limemaliza kazi kwa baba, sasa lilikuwa limeteremka kwa mtoto, na hapo ndipo litakapokaa maisha yake yote. Atakua nalo, atapanda nalo mtumbwi. Siku moja atakapokuwa kijana atakwenda kulitafutia dawa palepale baba yake alipolitafutia.

Akasimama. Alikuwa ameazimia kusema yote, hata kama watamfukuza. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya utani bali ile ya kanisani, ndogo, ya kujificha.

"Alikuja kwangu na chumvi," alisema. "Akaniita yaya."

Mtu mmoja nyuma akaguna kwa kicheko.

"Akaniomba nilichukue jina. Nikamwambia umande hauna ladha, akaniletee mkono mweupe. Nilimsikia alivyoniita. Nilisikia, nikamjibu hivyo."

Wakaanza kucheka. Walicheka kwanza kwa pua, kwa kujizuia, kisha mabega yakatikisika. Mtu wa Mvua kumwita Uyoga yaya, na chumvi juu yake. Ni Maggie tu anayeweza kubuni jambo la namna hiyo, na kulisema kwa sauti ya mkosaji, macho chini, kama anaungama mbele ya wazee wa kanisa. Aliwaambia kwamba ni kweli. Wakazidi. Aliwaambia, naapa, na machozi yalikuwa yanamtoka, na mama mkubwa wa marehemu, ambaye alikuwa hajafumbua mdomo tangu maiti itolewe majini, aliegemea ukuta akicheka na kulia na kujipangusa, akasema, "Uyoga huyu ataniua." Mtu alimtupia Maggie kitambaa kama zawadi. Sahani zikaanza kugusana. Watu wakala.

Maggie alibaki amesimama katikati ya ua na kitambaa begani. Chabu peke yake hakuwa amecheka. Alikuwa akimtazama.

Siku zilizofuata Fanwell hakushuka ziwani. Alisema atashuka wiki ijayo, na wiki ijayo akasema vilevile, akawa anakwenda kuketi na Misheck na kuvuta uzi. Maggie aliendelea kukausha samaki wa watu wengine. Kutoka kwenye vichanja vyake ghuba ilionekana, na kila kiboko yule alipoibuka, aliuona ule mkono. Mafuta yalikuwa yameshika. Asubuhi ulionekana mweupe sana. Alijaribu kuketi akiupa mgongo, lakini basi aliusikia kwa watoto, waliokuwa wakiitana waje waone mkono wa baba yake Kaumande.

Chabu alikuja mchana, wakati uleule, akasimama upande uleule. Mtoto alikuwa mgongoni. Mkononi alikuwa na jani la mgomba, limekauka sasa, kingo zimepasuka kwenye mikunjo.

"Mimi ndiye niliyemtuma," alisema. "Yeye alitaka akuite mtani, mcheke, kisha aombe. Nikamwambia hapana, mwite yaya. Ukimwita yaya, Maggie atasikia."

"Nilisikia," Maggie alisema.

"Najua ulisikia. Alirudi akaniambia."

Kwa hiyo Chabu alikuwa amejua tangu mwanzo. Alijua alipokuwa ameketi mkekani. Alijua watu walipokuwa wakimsifu Maggie kwa kuwalisha waliofiwa. Maggie alianza kupiga magoti, na Chabu akamwambia asipige magoti, atamwamsha mtoto.

"Sikuja kukusamehe," Chabu alisema. "Sijui kama nitaweza. Nimekuja na chumvi ya mtoto."

Alilifungua jani kwenye kichanja, katikati ya samaki. Chumvi ilikuwa imeshika unyevu na kugandamana. Wanawake wa jirani walikuwa wameacha kazi tena, wakitazama kwa midomo yao iliyo tayari. Maggie hakulamba tu, kama inavyotosha. Aliichukua yote kwa vidole vyenye magamba, akaitia kinywani, akaimeza mpaka ikamkwama na machozi kumtoka, na wanawake wale wakangoja kichekesho kilichokuwa kinakuja, na hakikuja.

"Nimelimeza," alisema.

Chabu alitikisa kichwa kukubali, akalichukua jani lake tupu, akaenda.

Lakini desturi ni jambo moja, na vinywa vya watu ni jambo jingine. Watoto hawakuacha kwa kuambiwa. Walipomwona Chabu anapita walipaza sauti, Kaumande, Kaumande, kwa furaha tu ya kutamka. Siku ya kwanza Maggie aliwafokea, na ikawa mchezo mtamu zaidi. Siku ya pili, waliposema Umande, aliinua kichwa kutoka kwenye moshi akajibu, "Naam. Mwaniitia nini?" Walikodoa macho. Wakarudia, akaitika tena, kwa adabu, kama mtu aitwaye kwa jina alilopewa na baba yake. Alifanya hivyo kila siku. Alifanya hivyo mbele ya wanunuzi wa Kasenga, walioona ni jambo la kuchekesha na kulibeba pamoja na mizigo. Jina wanaloitwa wawili humwendea anayeitika haraka. Kabla masika hayajaingia, watu wa Mununga walikuwa wakiagiza samaki wa moshi wa Umande bila kujua lilikotoka, na mtoto wa Chabu aliitwa Mubanga, jina la babu yake, na hakuna aliyekosea.

Mchezo haukufa. Ingekuwa vizuri kusema ulikufa. Jumapili moja kijana aliyeitwa Kingsley, wa ukoo wa Mvua pia, alipaka kiganja chake, akasimama karibu na mtumbwi akisitasita, na vichwa vikamgeukia Maggie kama zamani. Maggie alitafuta la kumwambia ili abaki. Neno la kumzuia mtu aliyekwisha kupaka mkono, mbele ya watu, hakuwahi kujifunza. Alichoweza ni kwenda kumshika yule kijana kiganja, mbele ya wote, na kuupangusa udongo ule kwa nguo yake mwenyewe. Watu waliguna. Walisema Umande siku hizi hana ladha. Kingsley aliondoka na mkono usio na rangi, amenuna, na Jumapili iliyofuata akajipaka akiwa mbali, mahali Maggie asipofika.

Mvua za kwanza zilikuja kwa fujo, usiku na mchana, na ziwa likawa na rangi ya chai. Zilipopumzika viboko waliibuka ghubani, na migongo yao yote ilikuwa sawasawa. Maggie alisimama muda mrefu akitafuta ni yupi. Wanawake walikuwa wakitoka msituni na vikapu vya uyoga. Chabu alikuwa miongoni mwao, mtoto mgongoni, na njia yao ilipita karibu na vichanja.

Tangu siku ya chumvi hakuwa amezungumza na Maggie. Wanawake walipita wakiongea. Chabu alipofika usawa wa moto alipunguza mwendo, akatazama kichanja, akasema, "Umande, samaki wako wanaungua."

"Naam," Maggie alisema, akaenda kuwageuza.